Kwanini y² inatoa dy/dx ila x² haitoi? Implisiti diferenshiesheni bila kukariri

Kuna kipindi kwenye kalkulasi mambo yanaenda vizuri tu, unapewa y = x³ + 5x, unashusha vipeo, unapata 3x² + 5, unafunga daftari. Alafu kesho yake unaletewa x² + y² = 25 unaambiwa tafuta dy/dx (derivativu ya y kwa x, yani y inabadilika kwa kasi gani x inapobadilika, au mteremko wa mchoro), na aliyesimama ubaoni anaandika 2x + 2y·dy/dx = 0 kama vile hakuna kilichotokea. Hapo ndo wengi tunapotezana. Hiyo dy/dx imetokea wapi? Na kwanini imeganda kwenye y peke yake, x imefanya nini mpaka isamehewe?

Mimi hii mada niliipita kwa kukariri, nakiri. Kanuni yangu ilikua "ukikutana na y bandika dy/dx pembeni", na ikanibeba vizuri tu mpaka siku nilipokutana na swali la puto linalojazwa hewa ambalo herufi zake zilikua V (ujazo), r (nusu kipenyo) na t (muda), hakuna y hakuna x, nikabaki naikodolea macho karatasi sijui nibandike nini wapi. Kwahiyo hapa nataka nieleze kile nilichotakiwa kukielewa kabla ya kukariri chochote: x na y zinatendewa sawa kabisa, hakuna upendeleo wowote, na ukishaliona hilo mada yote inapungua inakua ndogo.

Tuanze na jina. Implisiti maana yake kitu kipo ila hakijasemwa waziwazi, kimejificha humohumo ndani. Ukiandika y = x³ + 5x, y imekaa peke yake upande mmoja, ni kama mashine, unaingiza x inatoka y. Ukiandika x² + y² = 25 hujasema y ni nini, umetoa sharti tu ambalo x na y zinatakiwa zilitimize zikiwa pamoja. Pointi (3, 4) inatimiza kwa sababu 9 + 16 ni 25. Pointi (3, −4) nayo inatimiza. Pointi (1, 2) haimo. Ukizikusanya zote zinazotimiza unapata duara lenye nusu kipenyo 5, na duara zima sio fanksheni kwa sababu x moja ina y mbili, moja juu ya mhimili na nyingine chini.

Ila chukua kipande kidogo tu cha duara hilo pale kwenye (3, 4), kisogeze karibu na macho, usahau sehemu nyingine yote. Kwenye hicho kipande kila x ina y moja tu. Yani pale, kwenye ujirani ule mdogo, y ni fanksheni ya x kweli kweli, tofauti ni kwamba fomula yake hatujaiandika. Hili shika vizuri maana kila kitu kinachofuata kinasimama juu yake: tunajua y inaitegemea x, hatujui (au hatuna haja ya kujua) inaitegemea kwa fomula gani.

Sasa sahau y kwanza, chukua (x³ + 1)². Kuidiferenshieti (yani kutafuta derivativu yake) bila kufungua mabano unatumia kanuni ya mnyororo: kipeo cha nje kinashuka unapata 2(x³ + 1), alafu unazidisha na derivativu ya kilichomo ndani ambayo ni 3x², jumla 2(x³ + 1)·3x². Kama huamini fungua mabano, utapata x⁶ + 2x³ + 1, na derivativu yake 6x⁵ + 6x² ni kitu kilekile.

Sawa. Tuseme nimekata kikaratasi nikaziba ile x³ + 1, na juu ya kikaratasi nimeandika y. Wewe unachokiona ni y² tu. Derivativu yake ni nini? Cha nje ni 2y, mara derivativu ya kilichomo ndani. Kilichomo ndani hukioni, nimekiziba, kwahiyo 3x² huwezi kuiandika, unachoweza ni kuandika jina lake, na jina lake ni dy/dx. Basi, imeisha hapo, 2y·dy/dx. Hiyo dy/dx haikutoka mbinguni wala sio alama ya kubandika, ni ile "derivativu ya kilichomo ndani" ambayo mnyororo unaidai kila siku, safari hii tumeiacha kwa jina kwa sababu thamani yake ndo hasa tunayoitafuta.

Na x² je? Hapa ndo utamu ulipo. Na yenyewe inapitia njia ileile: cha nje 2x, mara derivativu ya kilichomo ndani, na kilichomo ndani ni x, na derivativu ya x kwa x ni dx/dx ambayo ni 1. Yani x² inatoa 2x·dx/dx. Haikusamehewa hata kidogo, imelipa kama mwenzake, sema malipo yake ni kuzidisha na 1 ndo maana hakuna anayejisumbua kuandika. Ungekua unadiferenshieti kwa t badala ya x basi x² ingekupa 2x·dx/dt na y² ingekupa 2y·dy/dt, wote wanaonekana. Na lile swali la puto nalo linafunguka hivohivo, V = (4/3)πr³, kila kitu kinabadilika na muda, kwahiyo dV/dt = 4πr²·dr/dt. Hakuna kipya.

Kwa kweli ukiangalia historia huu usawa wa x na y ndo ulikua mwanzo wa mambo. Newton kwenye kazi yake aliyoiandika 1671 (ilikuja kuchapishwa 1736, yeye ameshafariki 1727) hakuziona x na y kama bosi na mfanyakazi, aliziona kama vitu viwili vinavyotiririka kwa pamoja muda unapokwenda, kila kimoja na kasi yake. Mfano mmoja alioutumia ni x³ − ax² + axy − y³ = 0, na kasi ya x na kasi ya y zote zinatokea kwenye jibu bila ubaguzi, mwishoni anagawanya moja kwa nyingine anapata mteremko. Yani kwake haikua "mada maalumu ya implisiti", ilikua kalkulasi yenyewe. Haya mazoea ya kuanza na y = kitu flani ndo yanatufanya tuje kuishangaa hii baadaye. Alama ya dy/dx tunayoitumia ni ya Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, yeye alichapisha makala yake 1684, na alama zake kwa mada hii ni nzuri kuliko nukta ambazo Newton aliziweka juu ya herufi kuonyesha kasi, maana zinakuonyesha nini kinagawanywa kwa nini.

Turudi kwenye duara tulimalize. Tunadiferenshieti pande zote mbili kwa x:

2x + 2y·dy/dx = 0

Ile 25 imekua 0 kwa sababu ni namba isiyobadilika, na usicheke, kuiacha 25 imesimama upande wa kulia ni moja ya makosa yanayoongoza. Hamisha 2x, gawanya kwa 2y, unapata dy/dx = −x/y. Kwenye (3, 4) mteremko ni −3/4. Kwenye (3, −4) ni 3/4. Hakiki kwa jiometri ya kawaida: mstari kutoka katikati ya duara kwenda (3, 4) una mteremko 4/3, na tanjenti ya duara (mstari unaoligusa pale bila kulikata) inakaa pembe mraba na nusu kipenyo, kwahiyo mteremko wake lazima uzidishwe na 4/3 utoe −1. Na −3/4 mara 4/3 ni −1. Safi.

Watu wengi jibu la −x/y linawakera, wanaona halijaisha kwa sababu limebaki na y ndani. Wanataka jibu la x tupu. Ila fikiria, ningekupa x = 3 peke yake nikakuuliza mteremko wa duara pale ni ngapi, ungenijibu nini? Huwezi kujibu, utaniuliza "pale juu au pale chini?". Hiyo y iliyobaki kwenye jibu ndo inayouliza hilo swali kwa niaba yako. Ungekua umepita njia ndefu ya kutoa kipeuo cha pili, y = √(25 − x²), ungepata −x/√(25 − x²), ambayo ni −x/y ileile ila ya nusu ya juu tu, na nusu ya chini ingebidi uanze tena na alama ya kutoa mbele. Njia ya implisiti imezibeba nusu zote mbili kwenye mstari mmoja.

Sasa duara ni rahisi, mtu anaweza kusema mimi ntatenga tu y niachane na habari hizi. Haya, tenga y hapa:

x³ + y³ = 9xy

Huu ni mchoro wa ukoo wa jani la Descartes, una umbo la kitanzi kinachoanzia kwenye pointi (0, 0) na kurudi hapohapo, alafu mikia miwili inakimbia kila mmoja upande wake. Mwaka 1638 Descartes aliutoa mchoro wa aina hii kama changamoto kwa mwanahisabati mwenzake Fermat, atafute tanjenti kwenye pointi yoyote, walikua na ubishi mkali kuhusu mbinu ya nani ni bora. Fermat aliweza. Kumbuka hapo Newton alikua bado hajazaliwa, kwahiyo hawa watu walikua wanapambana bila zana tulizonazo sisi.

Sisi tunazo. Upande wa kushoto 3x² + 3y²·dy/dx, huo tayari tunaujua. Upande wa kulia kuna 9xy na hapa ndo panapochinja watu, kwa sababu macho yanaona "9x kitu" mkono unaandika 9·dy/dx na kuendelea. Hapana. x mara y ni vitu viwili vinavyobadilika vimezidishwa, kwahiyo ni kanuni ya kuzidisha: derivativu ya wa kwanza mara wa pili, kujumlisha wa kwanza mara derivativu ya wa pili. xy inatoa y + x·dy/dx. Vipande viwili, kimoja hakina dy/dx na kingine kinayo. Ukiweka na ile 9:

3x² + 3y²·dy/dx = 9y + 9x·dy/dx

Kuanzia hapa kalkulasi imeisha, iliyobaki ni aljebra ya kawaida kabisa. Kusanya vyenye dy/dx upande mmoja, visivyo nayo upande mwingine, itoe dy/dx nje ya mabano, gawanya:

dy/dx = (3y − x²)/(y² − 3x)

Na angalia kitu, haijalishi mlinganyo ulikua mbaya kiasi gani, dy/dx siku zote inatokea ikiwa haina kipeo, hutokutana na (dy/dx)² wala sin ya dy/dx kwa kudiferenshieti mara moja, kwa sababu mnyororo unaizidisha tu pembeni. Kwahiyo hata kama kutenga y ilikua haiwezekani, kutenga dy/dx kunawezekana. Hii ndo sababu mbinu inafanya kazi mpaka kwenye milinganyo ya ajabu, na sijui kwanini haisemwi kwa sauti zaidi.

Jaribu pointi (2, 4). Ipo kweli kwenye mchoro? 8 + 64 = 72, na 9 × 2 × 4 = 72, ipo. Mteremko: (12 − 4)/(16 − 6) = 8/10, yani 4/5. Pointi (4, 2) nayo ipo, na mteremko wake ni (6 − 16)/(4 − 12) = 5/4. Zimegeuzana juu chini, na sio bahati, mlinganyo ukibadilishana x na y haubadiliki, mchoro ni kama umekunjwa kwenye mstari y = x. Na ukitaka kuona vizuri kwanini y lazima ibaki kwenye jibu, weka x = 2 kwenye mlinganyo: unapata y³ − 18y + 8 = 0, ambayo ina majibu matatu, 4, kama 0.45, na kama −4.45. Pointi tatu zimesimama kwenye x moja, na miteremko yao ni 0.8, kama 0.46, na kama −1.26. Fomula moja imejibu zote.

Nizungumzie kidogo makosa ya mkono maana ndo yanayokula maksi kuliko kutoelewa. Kuna watu wanaanza kwa kuandika "dy/dx =" kabla ya mstari wa kwanza, alafu ndani yake wanaweka 2x + 2y·dy/dx = 0, sasa wana alama za sawa sawa mbili na dy/dx mbili na hawajui ipi ni ipi. Tofautisha: d/dx ni kitenzi, ni amri ya "idiferenshieti hii kwa x", wakati dy/dx ni nomino, ni kitu kilichopatikana baada ya amri kufika kwenye y. Unaiambia d/dx ifanye kazi pande zote, dy/dx inatokea yenyewe. Kingine ni vitu kama sin(xy), hapo mnyororo unakuja kwanza alafu kanuni ya kuzidisha ndani yake, cos(xy)·(y + x·dy/dx), na ukisahau hayo mabano cos inazidisha kipande kimoja tu na swali zima limekufa hapohapo. Kama aljebra inakusumbua andika y′ badala ya dy/dx, ni fupi na huwezi kuichanganya na sehemu nyingine.

Sasa kuna swali ambalo mtu makini lazima ajiulize na mara nyingi halijibiwi: nani kaniruhusu kudiferenshieti pande zote mbili za mlinganyo? Kujumlisha pande zote sawa, kuzidisha sawa, ila kudiferenshieti? Kwa sababu jaribu hivi: x² = 3x. Majibu yake ni 0 na 3. Diferenshieti pande zote, 2x = 3, x = 1.5. Umeona? 1.5 sio jibu, wala haikaribii. Kwahiyo kuna wakati inaruhusiwa na kuna wakati ni uharibifu, na tofauti haiko kwenye sura ya mlinganyo.

Tofauti ni hii. x² = 3x ni kweli kwenye pointi mbili tu, ukisogea hata kidogo pande mbili haziko sawa tena. Vitu viwili vinaweza kukutana sehemu moja huku vinakwenda kasi tofauti, kama magari mawili yanayopishana njiani, kwa sekunde ile yapo sehemu moja ila huwezi kusema spidi zao ni sawa. Kwenye x² + y² = 25 hali ni nyingine: unapotembea juu ya duara x inabadilika, y inajirekebisha, na upande wa kushoto unabaki 25 muda wote, sio kwa pointi moja bali kwa kila hatua. Kitu kinachobaki kilekile safari nzima kasi yake ya kubadilika ni sifuri. Hayo ni magari mawili yaliyofungwa pamoja kwa mnyororo, spidi lazima zilingane. Kwahiyo unapodiferenshieti kwa njia ya implisiti kimoyomoyo unasema "nipo juu ya mchoro na naendelea kubaki juu ya mchoro".

Na hapohapo kuna mtego ambao mimi naupenda sana. Chukua x² + y² = −1. Diferenshieti: 2x + 2y·dy/dx = 0, dy/dx = −x/y. Jibu safi, hatua zote sahihi, ungepewa maksi zote. Tatizo ni kwamba hakuna pointi hata moja ya namba halisi inayotimiza huo mlinganyo, miraba miwili haijumlishwi ikatoa hasi. Umetafuta mteremko wa mchoro usiokuwepo! Mashine ya aljebra haijui kama kuna kitu pale au hakuna, hiyo kazi ya kuhakikisha ni yako, ndo maana kabla ya kuweka pointi kwenye jibu unaihakiki kwanza kwenye mlinganyo wa mwanzo.

Jingine la kuangalia ni namba ya chini ikiwa sifuri. Kwenye duara, pointi (5, 0), −x/y inakua −5/0. Hapo mbinu haijakosea, inakwambia tanjenti imesimama wima, na ukirudi kwenye ule ujirani mdogo tuliosema mwanzo utaona kwamba pale (5, 0) hata ukisogea karibu vipi x moja bado ina y mbili, kwahiyo y sio fanksheni ya x hapo. Kwenye jani la Descartes pointi (0, 0) ni mbaya zaidi, juu sifuri chini sifuri. Pale mchoro unajikata wenyewe, mkono mmoja unapita ukiwa umelala kwenye mhimili wa x na mwingine ukiwa wima kwenye mhimili wa y, tanjenti mbili kwenye pointi moja, sasa fomula moja ikupe ipi? Inakurudishia 0/0, yani inakataa kuchagua.

Kuna milinganyo ambayo kutenga y sio kazi ngumu, ni kazi isiyowezekana. y⁵ + y = x inaonekana ya kitoto, na kila x ina y moja tu maana upande wa kushoto unapanda muda wote, ila huwezi kuandika y kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeuo peke yake, ni ile familia ya kipeo cha tano ambayo mwanahisabati Abel alionyesha 1824 kwamba haina fomula ya jumla. Derivativu? Mstari mmoja: 5y⁴·dy/dx + dy/dx = 1, dy/dx = 1/(5y⁴ + 1). Kwenye x = 2 y ni 1 (1 + 1 = 2), kwahiyo mteremko ni 1/6. Maana yake x ikiongezeka 0.06 y inaongezeka kama 0.01. Hakiki: 1.01⁵ + 1.01 ni kama 2.061. Umekadiria thamani ya fanksheni ambayo hakuna mtu anaweza kukuandikia fomula yake ya vipeuo.

Na sio mchezo wa kwenye daftari tu. Mlinganyo wa Kepler wa sayari una sura ya y − k·sin y = x, ambapo x inahesabu muda uliopita kwenye mzunguko, y ni pembe ya kukokotoa sayari ipo wapi, na k ni namba inayoonyesha njia ya sayari imebonyea kiasi gani. Hiyo y haitengwi kwa fomula za kawaida, ni karne nne sasa watu wanaikadiria kwa hatua. Ila dy/dx = 1/(1 − k·cos y) inatoka bila jasho. Kwa Zebaki, sayari ya karibu kabisa na Jua, k ni kama 0.206: ikiwa karibu zaidi na Jua y = 0 na unapata kama 1.26, ikiwa mbali zaidi unapata kama 0.83. Ile pembe inakimbia ikiwa karibu, inajivuta ikiwa mbali.

Mbinu hii pia ndo inayozalisha baadhi ya fomula ulizokaririshwa. y = ln x maana yake eʸ = x, diferenshieti, eʸ·dy/dx = 1, na eʸ ni x, kwahiyo dy/dx = 1/x. Na ukitaka derivativu ya pili usiogope, diferenshieti tena, y′ itakapotokea weka thamani uliyoipata mwanzo, alafu utafute pa kuurudisha mlinganyo wa mwanzo. Kwenye duara utafika −(x² + y²)/y³, na juu pale imekaa 25 inakusubiri, jibu ni −25/y³.

Nimalizie na ngazi, maana ni duara lilelile limevaa nguo nyingine. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukutani, mguu wake upo mita x kutoka ukutani, kichwa chake kipo mita y juu, kwahiyo x² + y² = 25. Mtu anauvuta mguu kwa mita 1 kila sekunde. Kichwa kinashuka kwa kasi gani mguu ukiwa mita 3? Sasa kinachotembea ni muda, tunadiferenshieti kwa t, na x haina tena ile 1 ya kujifichia:

2x·dx/dt + 2y·dy/dt = 0

Weka 3, 4 na 1, unapata dy/dt = −3/4, kichwa kinashuka sentimita 75 kwa sekunde. Ila endelea kuvuta. Kichwa kikibakiza sentimita moja tu kugusa chini, y = 0.01, x ni karibu 5 kabisa, na hesabu inasema kinashuka mita 500 kwa sekunde, yani kimeipita kasi ya sauti. Ngazi ya kweli haifanyi hivo, kichwa kinakua kimeshaachana na ukuta kabla ya kufika huko, na kikishaachana x² + y² = 25 haipo tena, hupo juu ya mchoro. Na huko mwisho kabisa, y ikiwa sifuri, ni ile ile pointi (5, 0) ambayo tanjenti yake ilisimama wima.